Mtoto wa Mbazi Aitwe Nani

Sogeeni karibu. Aliye na kikohozi akohoe sasa, maana kuna mahali katika kisa hiki panapotaka kimya.

Huko milimani Upare walikuwako wanawake watatu, kila mmoja na kipawa chake. Nakijwa hakusahau kitu. Ukimuuliza mvua ya mwaka fulani ilianza lini, atakutajia siku, na atakwambia ni nani alikuwa ameanika mahindi nje. Zaituni, daktari wa hospitali ya bondeni, alikuwa na ulimi usiotisha wala kudanganya. Na Nankondo alikuwa na miguu. Pamoja na miaka yake hamsini na ushei, alipanda mlima na furushi la tangawizi kichwani, vijana wakimfuata kwa kuhema.

Katikati yao alikuwa Mbazi, fundi seremala wa miaka ishirini na minane, mwembamba, mtu asiyejua kulala hospitali. Nakijwa alikuwa shangazi yake.

Sasa, wanaume wa ukoo wa Mbazi hawakuzeeka. Wala hawakuugua. Babu yake Mavura aliinama kukata majani ya ng'ombe, hakuinuka tena. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Baba yake mkubwa, Elinihaki, alikutwa chini ya kioo, nusu ya kidevu imenyolewa, nusu ina povu. Thelathini na minne. Baba yake mwenyewe, Sekiete, alikufa ameketi na kikombe cha uji mkononi, na uji haukumwagika. Thelathini na mitano. Wazee walisema ni mizimu. Wengine walimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Mbazi alikulia katika hayo, akazoea kutouliza.

Asubuhi moja ya ukungu alikuwa akipanda njia ya sokoni, sigara mdomoni. Alipofika kwenye kona ya juu kifua kilimbana kidogo, akasimama. Hapo akasikia jina lake likitajwa kutoka chini ya njia, ambako hakuna nyumba wala shamba, ni korongo tupu. Sauti haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayemjua vizuri. Nusura aitike.

Alimsimulia shangazi yake kwa mzaha. Nakijwa hakucheka. Aliweka ungo chini, akamweleza kwamba Mavura, juma moja kabla ya kufa, alisimama kwenye njia hiyohiyo akauliza nani anamwita. Elinihaki naye aliuliza. Sekiete aliuliza mara mbili. Walikuwapo watu wengi waliowasikia, ila kila mtu alikumbuka chake. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka yote matatu.

"Kama ni mizimu, mimi sijui," alisema. "Ninachojua, wote watatu waliposimama walishika kifua. Nenda kapimwe, mwanangu, na uwataje wote kwa umri wao."

Mbazi akateremka bondeni, akawataja. Daktari Zaituni aliposikia umri wa wale watatu aliacha kuandika, akamtazama upya. Alimpima moyo kwa mashine, presha, sukari na mafuta ya damu. Majibu yalipotoka alimkalisha, akamweleza kwamba moyo wenyewe bado unaruhusu kazi. Mafuta mabaya yamezidi kidogo. Lakini yale mazuri, yanayozoa takataka kwenye mishipa na kuzirudisha kwenye ini, yalikuwa ishirini na nne, na mwanamume anatakiwa awe na arobaini au zaidi. Kwa mtu mwingine, alisema, namba hiyo peke yake isingemkosesha usingizi. Kwa mtoto wa Sekiete ilikuwa nzito.

Mbazi akaomba dawa. Ukoo ulikuwa umekwisha kumnunulia chupa ya dawa ya mizizi kwa muuzaji wa barabarani, naye akaitoa mfukoni. Zaituni aliinusa, akaifunga.

"Sina kidonge cha kupandisha mafuta mazuri ambacho naweza kukuapia kwamba kitakuweka hai," alisema. "Nikikupa, nitakuwa nimekupa kitu cha kushika tu. Acha sigara leo. Soda na vya kukaanga punguza. Kula maharage, mboga, parachichi. Tembea kila siku, polepole kwanza, halafu mpaka jasho likutoke. Yale mabaya yakikaidi, hayo yana dawa, nitakupa."

Mbazi akamwambia na habari ya sauti. Zaituni alishika kalamu tena. "Hilo silijui," akasema, kisha akaliandika pia. Wazee wa ukoo walikwenda kumshtaki kwa wakubwa wake kwamba amemrudisha mgonjwa mikono mitupu, akakaripiwa mbele ya wenzake. Hakubadili neno.

Basi Mbazi akaanza kutembea peke yake. Kila alipofika kwenye ile kona aliogopa kuitwa, akageuka, akarudi nyumbani kuvuta sigara. Siku ya nane Nankondo alimpita hapo. Hakumuuliza kitu. Alimtwisha nusu ya tangawizi yake, akamwambia sokoni wanafungua mapema. Kesho yake akampitia nyumbani. Pakiti ya sigara aliyoikuta mfukoni mwa Mbazi aliisukumia chini kabisa ya gunia la tangawizi, na mtu aliyebeba mzigo mlimani hana pumzi ya kubishana. Wakaenda hivyo, jua na mvua, mwezi hadi mwezi.

Katika mwezi wa saba wa safari zao ukungu ulishuka mzito, wakawa wanaonana kwa kivuli. Kwenye kona, sauti ikaita jina la Mbazi. Mbazi alihisi magoti yake yakigeuka yenyewe kuelekea korongoni. Nankondo alikuwa nyuma yake. Akamkamata shati.

"Usiitike."

"Mama, na wewe umesikia?"

"Naisikia ikikuita tangu mwezi wetu wa kwanza. Tembea."

Walitembea. Iliita mara ya pili, ikaita ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa karibu na visigino vyao, tulivu, kama mtu anayeamsha mtoto. Baridi ilimpanda Mbazi shingoni. Hakugeuka, maana ngumi ya yule mama ilikuwa mgongoni mwake ikimsukuma. Walipofika juu, ikakoma. Tangu siku ile hakuisikia tena.

Miaka ikapita. Namba yake ya mafuta mazuri ilipanda hadi thelathini na tatu. Arobaini haikufika, lakini yale mabaya yalishuka na kifua kikatulia. Zaituni hakumwambia amepona, alimwambia aendelee. Akaoa. Akavuka thelathini na minne, na mitano, na sita. Alipotimiza thelathini na saba mkewe alijifungua binti.

Mama yake Mbazi akasema mtoto huyu apewe jina la yule aliyemfanya baba yake aishi. Liwe jina moja tu, na litamkwe kabla jua la siku ya saba halijazama, kwa maana mtoto asiye na jina, yeyote amwitaye ni wake.

Siku ya saba wale wanawake watatu waliitwa, wakaketi mkekani. Nakijwa alisema bila haya kwamba yeye hakuzaa. Akifa, jina lake litafukiwa naye. Na kama asingekumbuka, nani angejua kuna cha kupima? Zaituni alikataa kuomba. Alipobanwa, alisema ni wengi aliowaambia ukweli wakaenda kununua chupa, na kwamba siku ile neno moja la uongo lingempa amani yeye, na Mbazi lingempa kaburi.

Nankondo alikuwa wa mwisho. Alimpapasa mtoto unyayo.

"Mimi msinihesabu," alisema. "Pale konani haijanyamaza. Tangu siku ile inaita Nankondo."

Mbazi alimtazama yule mama aliyempitia mlangoni kila alfajiri, ambaye kesho angepanda tena njia ileile, peke yake. Akimpa binti jina lile, siku moja sauti itaita na watakaosikia ni wawili. Akimnyima kwa sababu hiyo, atakuwa amemwacha korongoni mtu ambaye hakumwacha yeye.

Jua limebaki upana wa vidole viwili juu ya mlima. Bibi amemnyanyua mtoto na kumnyooshea baba yake, naye Mbazi amefungua kinywa. Haya, nyinyi mlioketi hapa, wakubwa kwa wadogo: kinywa kile kingekuwa chako, ungetamka jina la nani?