Kiboko Aliyetamani Presha ya Punda

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa chumvi, kilima kizima cha chumvi, na aliyekikalia ni mmoja tu.

Basi hapo zamani, wala si zamani sana, Kiboko alikuwa na kiwanda cha chumvi mjini. Yeye alikaa ofisini chini ya feni, na Bi Punda alibeba magunia. Gunia mgongoni, hema hema, ngazi mpaka juu, puu! Arudi chini, gunia jingine, hema hema, puu! Mchana wafanyakazi walipewa uji wa chumvi, maana mboga hununuliwa na chumvi ipo.

Nguchiro alikuwa mfagiaji pale. Bi Punda ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemwombea kazi.

"Mwanangu," Bi Punda alimwambia siku moja, "kisogo kinanigonga. Ndu, ndu, ndu."

Kila mwaka Daktari Korongo alikuja kupima wafanyakazi. Akamfunga Bi Punda mkanda mguuni, akaupuliza, fyu, fyu, fyu.

"Mia mbili," akasema. "Ana presha. Apumzike."

"Akapumzike kwake," akasema Kiboko, "na asirudi."

Bi Punda alikuwa na watoto wanne na hakuwa na hata tuta la mihogo. Nguchiro akaweka ufagio chini.

"Mzee, na wewe pimwa."

Kiboko akapimwa. Fyu, fyu, fyu. Mia na ishirini.

"Aa, mzee, aibu hii," Nguchiro akanong'ona. "Presha si ugonjwa wa wakubwa? Mbeba magunia ana mia mbili, wewe mwenye kiwanda una mia na ishirini. Ukimfukuza, mji utasema umemwonea wivu."

Korongo akakohoa. Akamtazama Kiboko, akakumbuka nani anamlipa, akafunga mkoba wake.

Kiboko hakulala. Alfajiri akamwita Nguchiro. "Ameipata wapi ile presha?"

"Kwenye magunia, mzee. Na kwenye uji. Na kwenye kugombezwa."

"Nani anamgombeza?"

"Wewe, mzee."

"Basi nigombeze na mimi."

Kiboko akabeba. Gunia mgongoni, hema hema, puu! Nguchiro nyuma yake: "Mvivu wee, huna shukrani!" Bi Punda akakaa kwenye kiti chini ya feni, kwa amri ya Kiboko, ili asiizidishe presha yake. Ijumaa, fyu, fyu, fyu: mia na sitini. Kiboko akataka uji zaidi. Gunia mgongoni, hema hema, puu! Ijumaa ya pili: mia na tisini. Macho yake yakawa mekundu, na akaanza kushika kisogo. Nguchiro aliyaona hayo yote. Angeweza kumwambia aache. Lakini Bi Punda alikuwa amesinzia pale kitini, kwa mara ya kwanza mchana, na Nguchiro akanyamaza.

Ijumaa ya tatu: mia mbili na kumi.

"Nimemshinda!" Kiboko akacheka, akacheka, akaanguka. Puu.

Akazikwa kwa matarumbeta. Mji mzima ukasikitika. "Presha," walisema, "ugonjwa wa wakubwa."

Jumatatu ndugu yake Kiboko akakalia kiti, akamrudisha Bi Punda kwenye ngazi. Gunia mgongoni, hema hema. Alhamisi Bi Punda naye akaanguka, asiinuke tena. Hakuna aliyesema presha. Wengine walisema uzee, wengine walisema amerogwa, na ndugu yake Kiboko alisema ni uvivu, maana alikuwa ametoka kupumzika wiki tatu.

Nguchiro alilia mpaka ufagio ukalowa. Kisha akabebeshwa gunia lile lile. Siku ya tano akashika kisogo chake. Ndu, ndu, ndu.

Hapo ndipo nilipowaacha. Ikiwa chumvi imezidi, si mimi niliyeitia. Na funzo lake, wanangu, ni hili: bebeni magunia bila wasiwasi. Maskini hana presha, na kazi haijapata kuua mtu.