Siwatu na Kitanda cha Pembe

Palikuwa na sultani akiitwa Zahoro, mtu mnene mwenye usingizi mwembamba. Kila kitanda kilimchoma. Cha mvule kilimchoma, cha msaji kilimchoma, cha kamba ndiyo usiseme. Asubuhi moja akaamka na jawabu lake: atalala juu ya pembe za ndovu tupu. Miguu ya pembe, mbavu za pembe, hata kingazi cha kupandia. Mbiu ikapigwa nchi nzima: "Ndovu wote, tangu mkonga hadi mkia, ni mali ya Sultani! Wawindaji waingie porini! Na kila kijiji kitoe wanaume wa kubeba pembe!"

Sasa, jamani, kubeba pembe si kubeba kikapu cha machungwa. Waliokwenda safari ya kwanza wengi hawakurudi, na waliorudi walirudi na mabega yaliyochunika. Na kule mtoni, ambako kila kiangazi ndovu walifukua mchanga mpaka maji yakachimbuka, watu wakateka baada yao, sasa palibaki mifupa yao na nzi.

Katika kijiji kimoja alikaa mfinyanzi, jina lake Siwatu. Wala msidhani alikuwa mpenzi wa ndovu. Mavuno yaliyopita waliingia shambani kwake wakafyeka mtama wote, wakaangusha na dungu la kulindia shamba. Siku ile aliwatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, maana mmetoka kula sasa hivi. Lakini askari walipomchukua mumewe, Mbaruku, wakamfunga kamba pamoja na wenzake, Siwatu alijifunga kibwebwe akawafuata nyuma, hatua kwa hatua, mpaka barazani kwa Sultani.

"Nashika miguu, Maulana."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimekuja kudai mtama wangu." Sauti ilimtoka kavu.

"Mtama wako kala nani?"

"Ndovu wako, Maulana."

Baraza likacheka. Sultani naye akacheka, na tumbo lake likaendelea kucheka kidogo baada yake.

"Ndovu wangu?"

"Si mbiu imepigwa? Tangu mkonga hadi mkia, wako. Basi mkonga ndio ulionivunia mtama, na mkia ndio niliouona ukiondoka. Mbuzi wa mtu akila shamba la jirani, mwenyewe halipi?"

Sultani akamgeukia kadhi, Sheikh Muhsini. Kadhi akatikisa kilemba: hulipa.

Hapo Sultani akaona hatari. Akimlipa huyu, kesho nchi nzima itajipanga mlangoni, kila mtu na shamba lake lililokanyagwa.

"La!" akasema. "Ndovu aliye hai, anayezurura porini, si wangu. Huyo ni wa Mungu. Nenda kamdai Mungu."

"Alhamdulillahi. Kumbe wawindaji wako wanaiba mali ya Mungu?"

Kicheko kikakatika. Askari wa mlangoni akapeleka mkono kwenye mpini wa upanga. Siwatu aliuona ule mkono. Akatamani angekuwa nyumbani akikanda udongo, lakini kule uani Mbaruku alikuwa bado na kamba shingoni.

"Nisikilize, mwanamke," Sultani akasema polepole. "Ndovu akiwa hai, ni wa Mungu. Akifa, ni wangu."

"Akifa ni wako?"

"Wangu! Pembe, ngozi, kila kitu."

"Yaani unamrithi."

Neno lile lilimpendeza Sultani. Lilikuwa na heshima yake. "Naam! Namrithi. Kila anayekufa bila ya mwenyewe, mrithi wake ni Sultani."

Kadhi akainua kichwa. Sheikh Muhsini aliipenda elimu ya mirathi kama wengine wanavyopenda pilau. Lilipotajwa neno lile hata usingizini angeamka.

"Sheikh," akasema Siwatu, "nami nifundishe. Mtu akimuua yule anayemrithi, anapata fungu gani?"

"Hapati kitu!" kadhi akajibu mbiombio. "Muuaji harithi!"

Kisha akamwona Sultani anavyomtazama, akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Hata ukucha, Sheikh?"

"Hata... hata ukucha."

"Na akimtuma mtu amuulie?"

Kadhi alitazama dari. Akatazama viatu vyake. Jasho likamteremka ndevuni. "Aliyetuma," akanong'ona, "ni muuaji yule yule."

Kicheko kilianzia kwa wazee wa nyuma. Kikapita kwa makarani, kikamfikia yule askari wa mlangoni, akauachia mpini ashike mbavu. Sultani alitafuta wa kumkasirikia asimpate. Maneno yote yalikuwa yametoka kinywani mwake mwenyewe, mbele ya baraza zima. Na hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mvivu tu. Tumbo likamsaliti, likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Waiteni wawindaji warudi," akasema. "Na hao wapagazi wafungueni."

Mbaruku akaja akijisugua shingo, akimtazama mkewe kama mgeni aliyeshuka leo. "Umewaambia nini?"

"Twende," akamnong'oneza. "Utauliza njiani."

Walikuwa wamefika mlangoni Sultani alipopaza sauti.

"Wee mwanamke! Nimekuachia ndovu wako wafe kwa siku zao. Lakini ndovu anaishi umri mzima wa mtu! Mimi nitausubirije urithi miaka yote hiyo?"

Siwatu akageuka. Ubavuni pa Sultani alikuwa amekaa mwanawe mkubwa, mrithi wa kiti, ndevu zimekwisha kuingia mvi, akimenya chungwa taratibu.

"Mwulize mwanao, Maulana. Yeye amezoea."