Bi Pimbi na Nyumba ya Madirisha

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walipanga vyumba na kuanika mashuka, ukame uliingia msituni. Kisima chenye maji kikabaki kimoja tu, cha Fisi. Na Fisi alipenda vituko kuliko chakula.

"Kisima nakitoa zawadi!" akatangaza. "Washindani watakaa nyumba moja yenye madirisha pande zote, sisi tukiwatazama. Kila jioni watapiga kura kumtoa mmoja. Atakayebaki mwisho, kisima chake!"

Wakaingia Tembo, Simba na Bi Pimbi, mama wa watoto sita wenye kiu. Nje, msitu mzima ukabandika pua kwenye vioo.

"Leo tunakatoa haka kadogo," Simba akamnong'oneza Tembo.

Pimbi akasikia. Akamfuata Tembo jikoni.

"Kaka Tembo, nakuomba, nitoeni mimi. Na mimi nililiwe."

"Uliliwe?"

"Kwani hujui? Anayetolewa huaga kwa machozi, akaimbiwa, akabebwa juu juu! Anayebaki, nani amlilie?"

Sahani ikamponyoka Tembo, kacha! "Mimi? Nibebwe?"

"Wewe! Ila Simba asijue. Naye anautaka huo utamu."

Kisha akaenda kwa Simba, akamwambia yale yale.

Jioni ilipofika, ikawa vita.

"Nitoeni mimi!" akanguruma Simba. "Mimi ndiye mwizi wa sukari!"

"Toka hapa!" akadakia Tembo. "Mimi ninakoroma! Tena nilijifutia miguu taulo lako!"

"Eti nini? Taulo langu?"

Watazamaji wakapiga makofi, pwa! pwa! pwa! Simba na Tembo kila mmoja akajipigia kura mwenyewe. Pimbi akampa Tembo yake, Tembo akatolewa kwa kura mbili.

"Nimeonewa!" Simba akalia. Hakungoja kesho. Akaruka dirishani, fyaa! akamkuta Tembo anaaga, naye akaanza kuaga. Wakalia kwa zamu, macho wameyafumba, wakingoja kubebwa.

Wakangoja. Kimya.

Walipofumbua macho, uwanja mtupu! Wote walikuwa kisimani. Bi Pimbi, mshindi aliyebaki mwisho, ndoo mkononi, alishawanywesha wanawe na sasa anawatekea majirani.

"Dada Pimbi," Tembo akasema kwa sauti ndogo, "koo limenikauka kwa kulia."

"Pole, kaka. Maji yapo, yanatosha. Pangeni foleni, nyuma ya Kobe pale."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu: anayehangaikia kutazamwa husahau alichokifuata.