Chui Alivyomwaga Changarawe

"Jamani, nina uongo mbichi!"

"Uanike tuuone!"

"Una miguu miwili na midomo kumi!"

"Ulete hivyo hivyo ulivyo!"

Haya. Wekeni mapanga na majembe chini, kaeni kivulini. Jilala, wewe kaa mbali na chungu changu, nakufahamu. Maharage bado magumu na msimamizi kaenda mtoni kuoga, kwa hiyo tuna nafasi. Asubuhi nzima nimewasikia mkinung'unika kwamba msitu ni wa tajiri, kanga ni wa tajiri, paa ni wa tajiri, na mnaotoka jasho ni nyinyi. Basi sikilizeni habari za tajiri mmoja aliyetoka jasho mwenyewe.

Hapo kale, kabla watu hawajajua kuandika hati, Chui alikuwa na msitu wake. Wake peke yake. Baba yake alikojolea kila mti wa mpakani, na hiyo ndiyo ilikuwa hati. Ulikuwa msitu mkubwa wa miyombo, na katikati kulikuwa na chemchemi ambayo hata Oktoba haikauki.

Lakini msitu ulikuwa umefungana. Matawi yameshikana juu, vichaka vimeshikana chini, jua haliingii. Jua lisipoingia nyasi hazioti, na nyasi zisipoota hakuna mbegu wala panzi. Sasa kanga aende humo kutafuta nini? Paa aende humo kula nini? Walikuwepo wachache, na hao Chui aliwamaliza. Alikuwa akijilaza kichakani, kimya. Wanapita, hap! Anahamia kichaka kingine, kimya. Wanapita, hap! Alikula asubuhi, alikula jioni, alikula hata alipokuwa ameshiba, kwa sababu tu walikuwa wanapita. Siku moja akajilaza kichakani, hakupita mtu. Siku ya pili, hakupita mtu. Siku ya tatu akala mjusi.

Ng'ambo ya bonde aliishi Bi Kanga. Oktoba iliyotangulia moto wa nyasi kavu ulipita kule, ule moto wa mwisho wa kiangazi usio na huruma. Tatata! Papapa! Bi Kanga alikuwa amelalia mayai kumi na mawili. Yeye ana mabawa, akaruka. Mayai hayana mabawa. Alilia siku mbili, na msidhani kwamba kanga hana uchungu. Tangu hapo alitangatanga. Kila alipotaga, palikuwa peupe, kicheche akaja akala. Ilipofika Mei madimbwi yakakauka, kiu ikamshika, akawafuata nyuki wanaokwenda majini mpaka akafika kwenye chemchemi ya Chui. Akainamisha kichwa anywe.

Hap!

"Mjomba," alisema Bi Kanga kwa sauti nyembamba, maana shingo ilikuwa chini ya kucha, "shikamoo."

Chui alikuwa hajaamkiwa na mtu muda mrefu. "Marahaba," akasema, na kucha moja ikalegea.

"Unanila?"

"Nakula sasa hivi."

"Sawa, mjomba. Na kesho utakula nini?"

Chui akatazama huku na huku msituni.

"Humu msituni kuna kanga wangapi?"

"Wewe."

"Na paa?"

"Walikuwepo."

"Sasa ona," alisema Bi Kanga. "Mimi najua kanga wanapenda nini, kwa sababu mimi mwenyewe ni kanga. Paa nimekaa nao tangu utoto, najua wanapenda nini. Niache nikuelekeze uutengeneze msitu wako. Mvua ya kwanza ikinyesha, kama humu hakuna kanga mia na paa hamsini, nile mimi, hata chumvi usitafute."

"Na ukikimbia?"

"Nikimbilie wapi? Kwetu kumeungua."

Hilo halikuwa uongo, na kulisema kulimuuma kuliko zile kucha. Chui akamng'oa manyoya marefu ya bawa moja, nyo! nyo! nyo!, asije akaruka. Kisha akamwachia.

"Mvua ya kwanza," alisema Chui.

"Mvua ya kwanza," alisema Bi Kanga.

Kesho yake alfajiri, kazi. Bi Kanga alitembea mbele, anadonoa shina hili, anapita lile. "Huu mkuyu uache, una matunda. Mkusu huu uache, nao una matunda. Huu uliopinda kata. Huu unaomfunika mwenzake kata." Chui akashika shoka. Ko! ko! ko! Bwaa! Mti chini. Ko! ko! ko! Bwaa! Mwingine chini. Alikata siku ishirini. Viganja vikatoka malengelenge, na chui hajaumbiwa mpini. Lakini jua likaingia, likafika chini kabisa, mahali ambapo halikuwahi kufika.

"Wamekuja?" akauliza Chui.

"Wanakuja, mjomba. Bado kitu kimoja."

Kitu chenyewe kilikuwa vichaka. "Vichaka vikubwa vyote fyeka," alisema Bi Kanga. "Kila hatua mia acha kimoja, kidogo, cha miiba, kilichobana. Humo ndimo tunamotaga."

Pa! pa! pa! Chui akafyeka. Alipofika kwenye kile alimokuwa akijilaza tangu utotoni, akasita, panga likabaki juu.

"Na hiki?"

"Hicho kina nyoka, mjomba. Kanga akisikia nyoka haji."

Pa! Kikaenda. Chui akajaribu kuingiza kichwa kwenye kile kidogo cha miiba kilichobaki. Mwiba ukamchoma puani.

"Mbona mimi siingii humu?"

"Kwani na wewe unataga?"

Chui akaona swali lina maana, akafuta pua, akaendelea na kazi.

"Wamekuja?"

"Wanakuja, mjomba. Bado kitu kimoja."

Ikafika Juni, nyasi nusu kavu nusu mbichi. Wakalima kwanza njia ya kuzuia moto kuzunguka msitu mzima, kama hii mnayolima nyinyi, ila Chui hakuuliza kila saa chakula kitaiva lini. Ndipo wakachoma. Si moto ule uliokula mayai. Huu ulikuwa moto wa asubuhi, umande ukiwa bado majanini, moto mdogo unaotembea taratibu. Tata... tata... Leo wanachoma hapa, kesho wanaruka, wanachoma pale. Bi Kanga alisimama mbali, na kila moto ulipolia anarudi nyuma. Alijua ni moto mzuri, lakini miguu yake haikujua. Baada ya wiki tatu kwenye vile vipande vyeusi zikachipua nyasi changa, laini. Paa watano wakatokea mpakani, wakaingia, wakainamisha vichwa.

Chui akadondosha mate. "Wamekuja!"

"Mjomba, hao watano ni wajumbe. Ukila mjumbe, mkutano utafanyika?"

Chui akameza mate. Siku hiyo akala panzi.

"Basi bado nini?"

"Bado kitu kimoja."

"Kitu kimoja! Kitu kimoja! Kila siku kitu kimoja!" Chui akafoka, mkia ukapiga chini, swii, pa! "Nimekonda! Hebu nitazame mbavu!"

"Nazitazama, mjomba. Lakini nifungue mdomo wangu uone. Kuna meno?"

Chui akachungulia. "Hamna."

"Meno yetu kanga ni changarawe. Tunazimeza, zinakaa kwenye firigisi, zinasaga mbegu. Msitu usio na changarawe, kanga anakula hashibi, anaondoka. Zilete kutoka mtoni, umwage kwenye njia zote. Zile za kwenda majini mwaga nyingi zaidi."

Chui akaokota gunia lililoachwa na warina asali, akaenda mtoni. Akajaza, akajitwisha, akarudi, akamwaga, shaaa! Akaenda, akajaza, akarudi, akamwaga, shaaa! Julai nzima, Agosti nzima. Mchwa walikuwa wakisimama kumtazama. Mwisho Bi Kanga akamwomba azungushie matawi ya mgunga kwenye mashina ya miti ya kulalia, ili nyoka wasipande. Chui akazungushia. Miiba ikamchoma kila kiganja, lakini hakulalamika, maana alikuwa anahesabu kanga kichwani: mia, mia na moja, mia na mbili.

Novemba ikafika. Wingu likakaa mashariki siku nne, halishuki. Paa walikuwa thelathini. Kanga walikuwa sitini. Bi Kanga hakula siku hizo nne. Alisimama juu ya kichuguu anaita, kekekeke! kekekeke!, mpaka sauti ikakwaruza. Kama mvua ingenyesha siku ile, yeye angekuwa chakula, na alilijua hilo, na Chui alikuwa amekaa chini ya kichuguu akijilamba.

Siku ya tano wale wa ng'ambo ya bonde waliona jani bichi huku. Wakaja. Kanga kwa koo na vikundi, wakikimbia kama wanawake waliosikia kuna ngoma. Paa wawili wawili. Mvua ilipoangusha tone la kwanza, kanga walikuwa mia na arobaini. Paa sitini na mmoja.

"Hesabu, mjomba," alisema Bi Kanga, akateremka kichuguuni.

Chui akahesabu mara mbili kwa raha. "Umetimiza," akasema. "Sasa kaa pembeni."

Akatafuta mahali pa kujilaza. Akaenda kulia, peupe. Akaenda kushoto, peupe. Kulikuwa na nyasi, ndiyo, nyasi changa zinazofika kifundoni. Akajilaza hapo hapo, mabaka yote yakawa nje. Paa mmoja akamtazama huku anatafuna.

"Shikamoo, mjomba," alisema paa.

Chui akainuka, akasema basi nitanyata. Akakanyaga njia. Chakari! Akanyanyua mguu, akaweka mwingine polepole. Chakari! Chakari! Kekekeke! Kanga mia na arobaini wakapiga kelele kwa pamoja, fyuu, wote kwenye vichaka vya miiba. Chui akatumbukiza kichwa, akatoa pua inayovuja damu. Akasema basi nitawapandia mtini watakapolala. Giza lilipoingia akakumbatia mti, akaruka nyuma akilia, amebeba miiba ya mgunga kifuani. Miiba yenyewe alikuwa ameikata yeye.

Akakaa chini kwenye mvua. Ndipo akaelewa. Alielewa taratibu, kuanzia shoka mpaka gunia, kitu kimoja baada ya kimoja.

"Kanga!" akanguruma. "Umenidanganya!"

Bi Kanga alikuwa ndani ya kichaka, amekwisha kuparua shimo la kutagia. "Kwa lipi, mjomba? Ulitaka kanga, hao. Ulitaka paa, hao. Ulitaka wawe wengi. Hukusema wawe wajinga."

"Nitaotesha vichaka vyangu upya!"

"Otesha. Kichaka cha kumficha mtu wa mwili wako ni miaka sita. Utakula nini katikati?"



Chui angehama, lakini wiki ile ile akaja Simba kupita, na fisi wawili nyuma yake. Simba akasimama mpakani, macho yakamtoka.

"Msitu huu!" alisema Simba. "Nimezunguka nchi nzima sijaona msitu uliotunzwa hivi. Nani kautengeneza?"

Chui akatazama vichaka. Macho ya kanga mia na arobaini yanamtazama kutoka kwenye miiba. Angesema nini? Kwamba amekatishwa miti miezi sita na ndege mwenye bawa moja?

"Mimi," alisema Chui.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kweli wewe ni bwana," alisema Simba, akainama kidogo. Simba ainame! Habari ikaenea. Wakaja chui wa mbali kujifunza, wakaja na duma. Chui akawa anawatembeza, tumbo limeshikana na mgongo, anasema hapa nilikata, hapa nilichoma Juni. Kila Juni ikabidi achome. Kila Julai ikabidi achote changarawe, maana zilizokuwepo zinamezwa, na wageni wanakuja, na aibu je? Chakula chake kikawa panya na vyura wa kwenye chemchemi. Na Bi Kanga akiwapitisha vifaranga kumi na wawili mbele yake kwenda kunywa maji, chakari chakari chakari, husimama na kuwaambia, "Mwamkieni babu. Bila yeye msingezaliwa."

Na ni kweli, bila yeye wasingezaliwa.

Mmesikia? Sasa funzo, maana msimamizi kanisisitiza nisiwape hadithi isiyo na funzo. Funzo ni hili: mwenye msitu akiufyeka vizuri, akachoma mapema, akamsikiliza mtaalamu kwa kila neno, atakula nyama mpaka achoke.

"Mama Nyamizi, lakini Chui hakula hata mmoja!"

Jilala, nani kakuuliza? Chui alikula vyura. Chura si nyama? Alikosea kitu kimoja tu, hakuongeza changarawe za kutosha. Angeongeza, angeshiba. Tena nendeni mkamwambie hivyo tajiri, akija na viatu vyake kukagua.

Ngano imekatikia hapo. Iliyo tamu ndani yake bebeni mwende nayo, iliyo chungu niachieni.

"Tumebeba!"

Basi bebeni na majembe.