Firigisi ya Mgeni

Wahenga waliosema kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone walikuwa na maana nzuri. Walimaanisha kuwa mgeni huja na baraka zake hata akija mikono mitupu, na kwamba nyumba iliyokwama huweza kukwamuliwa na mtu aliyepita njia tu. Maana hiyo hakuna anayeibishia. Lakini wahenga hao hawakusema mgeni aje siku gani, wala aje na watu wangapi, wala kama siku hiyo mvua inyeshe au isinyeshe. Hayo yote walimwachia Mbuke ahangaike nayo.

Mbuke aliishi Kabuhinzi, kijiji kilichoko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Chato. Kabuhinzi ni kijiji kizuri. Hilo husemwa na wote wasioishi hapo. Kina majabali meupe yaliyopandiana hadi majini, kina mchanga laini, na jioni ndege weupe hutua juu ya mawe kwa mamia. Watu wa machimboni hupenda kwenda kupiga picha. Wenyeji wa Kabuhinzi hawana muda wa kutazama majabali, kwa kuwa wanatazama dagaa.

Dagaa huvuliwa kwa taa, katika siku ambazo mwezi hauonekani. Mwezi ukishakua, wavuvi hupumzika, na mwanikaji kama Mbuke naye hukaa bure mpaka giza lirudi. Asubuhi hiyo ya Jumamosi, Mbuke alikuwa na dagaa wa mwisho wa giza lile. Jana walikuwa wamepigwa jua nusu siku. Leo walihitaji jua la nusu siku nyingine tu, halafu saa kumi Marwa, mfanyabiashara wa Buseresere, angefika na gari lake. Walikuwa wamekubaliana hivi: Marwa angechukua dagaa, na badala yake angeshusha mabati mapya ya kuezekea nyumba nzima. Lakini Marwa alikuwa amemwonya Mbuke mapema. "Mama Jilala, nikikuta dagaa wakavu, nashusha. Nikikuta wamevunda, nawasalimia, napeleka mabati kwa mwingine."

Mabati hayo hayakuwa anasa. Mabati kuukuu ya nyumba ya Mbuke yalikuwa yametoboka kama chujio, na mkwewe, bibi Nyamizi, alikuwa amelala chumbani wiki ya tatu sasa akikohoa. Tundu kubwa kuliko yote lilikuwa juu ya kitanda chake. Ili asilowe, Mbuke alikuwa ameweka sufuria yake kubwa, ile pekee ya kupikia ugali wa watu wengi, pale miguuni pa mgonjwa ikinge matone. Masika yalikuwa yanabisha hodi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Basi kulipokucha, mvua ikanyesha.

Haikuwa mvua ya kupita. Ilikuwa ile ya kutulia, inayonyesha kama mtu aliyelipwa kwa siku. Mbuke alikimbia akawazoa dagaa kutoka kwenye kichanja cha kuanikia, akawarundika kibandani na kuwafunika nailoni. Alijua vizuri kwamba dagaa waliorundikwa wakiwa na unyevu hushika joto, na wakishika joto huvunda kabla jua halijazama. Saa nne alikuwa bado anahangaika pale, maji yakimtiririka mgongoni, aliposikia gari likinguruma uani.

Lilikuwa Canter, limefunikwa turubai nyuma. Pamoja na dereva walikuwemo humo watu wanane na furaha yao, au mabaki yake.

"Mwangaluka, wenyeji!" Januari alipaza sauti akiruka chini. Januari alikuwa na duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu, na alikuwa mtoto wa dada yake Nyamizi. "Shemeji, tumekuja kutembea! Asteria kanisumbua mwaka mzima, anataka kuliona ziwa. Nilikupigia simu toka juzi, hupatikani!"

Simu ya Mbuke ilikuwa imeishiwa chaji tangu Alhamisi. "Karibuni," alisema, kwa sauti ambayo mtu yeyote mwenye masikio angeielewa. Januari hakuielewa.

"Mbuke!" Nyamizi aliita kutoka chumbani. "Ni nani?"

"Ni Januari, mama. Na watu saba."

"Wabeja, asante! Mungu mkubwa. Chinja jogoo."

Mbuke aliingia chumbani akaufunga mlango. "Mama, dagaa wanaharibika. Niwaombe hawa watu wanisaidie kwanza, halafu—"

"Nyamaza!" Bibi alijiinua kwa kiwiko. Mwili ulikuwa umeisha lakini mamlaka yalikuwa palepale. "Mgeni haambiwi shida akiwa na njaa. Akishakula, mweleze hata habari za msiba. Kabla hajala, neno ni moja tu, karibu. Mume wako Maige, Mungu amrehemu, alizaliwa akaikuta sheria hiyo humu ndani. Hutaivunja wewe nikiwa hai."

"Na ugali nitaupikia wapi? Sufuria kubwa hiyo hapo miguuni pako."

"Pika kidogo kidogo."

Mbuke alitoka. Lo! Wapo watu waliowahi kukasirika, lakini Mbuke siku hiyo alikasirika hadi masikio yakamwasha. Alimkimbiza jogoo kwenye tope, akamchinja, akamchemshia maji, akamnyonyoa kama anayemlipizia kisasi. Kila baada ya muda alikimbilia kibandani kuingiza mkono katika rundo la dagaa. Mara ya kwanza walikuwa baridi. Mara ya pili walikuwa vuguvugu.

Sebuleni wageni walikuwa wamekaa wakikwepa matone, wakilalamika. Aliyeongoza kwaya hiyo alikuwa Asteria, mke wa Januari, aliyevaa gauni jeupe jipya lililokusudiwa picha.

"Hii ndiyo Kabuhinzi?" aliuliza. "Kwenye picha ziwa lilikuwa la bluu. Hapa hata ziwa lenyewe silioni."

"Mvua ikikatika utaliona, mama watoto."

"Mvua ikikatika nitakuwa nimeota uyoga." Akavuta pumzi, akakunja pua. "Mama Jilala, hiyo harufu ni ya nini?"

Mbuke alikuwa anapita na kuni. Alifungua mdomo. Chumbani, Nyamizi akakohoa kikohozi kimoja kikavu ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Ni ya ziwa," Mbuke akajibu, akaenda zake jikoni.

Ilipofika saa sita, Asteria alimfuata huko ili akaushe gauni lake motoni. Masalu, dereva wa Canter na fundi wa Januari kule machimboni, naye akaja kuomba moto wa sigara. Asteria hakuwa amemaliza kulalamika.

"Na usifikiri tulikaa raha njiani. Tulipofika Buseresere, mwenzangu kasimamisha gari, eti anachukua feni yake kwa fundi. Siku ya matembezi! Saa mbili tumesubiri. Halafu feni na jenereta vikapakiwa humohumo, mimi nimekaa feni imenilalia magotini mpaka hapa. Miguu haina hisia."

"Feni ya nini?" Mbuke aliuliza, akikoroga tu, ili asionekane hana adabu.

"Ya shimoni, mama," alisema Masalu. "Kule chini hakuna hewa, wachimbaji watakufa. Kwa hiyo feni inakaa juu, inapuliza hewa ndani ya mpira mpana mpaka chini futi mia na zaidi."

Mbuke aliacha kukoroga. "Inapuliza kwa nguvu?"

"Ukisimama mbele yake, mama, hicho kilemba utakwenda kukichukua Mwanza."

Mbuke akamtazama Masalu, akaitazama mvua, akalitazama turubai kubwa lililofunika Canter. Halafu akatazama ndani ya chungu. Yule jogoo ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuchemka. Alikuwa jogoo mzee, mgumu, angehitaji saa mbili zaidi. Ugali hata haujaanza. Kwa sheria ya Nyamizi, wageni wangekula saa nane na nusu, na dagaa wangekuwa wameshaoza.

Ila katika nyumba ile palikuwa na sheria nyingine, nayo ilikuwa ya Nyamizi vilevile. Firigisi ni ya mgeni mkubwa. Hakuna anayegusa chakula kabla ya yeye kuila, na akishaila, wageni wamekula. Yanayofuata ni kushiba tu.

Mbuke aliitoa firigisi kwa kijiko, akaiweka kwenye kisahani, akavuka uwanja huku mvua ikimpiga, akasimama mbele ya Januari.

"Kula."

Januari aliitazama. "Shemeji, mbona kama bado—"

"Kula, shemeji!"

Januari alikula. Firigisi ya jogoo mzee isiyoiva si kitu cha mchezo. Alitafuna upande wa kulia, akahamia wa kushoto, macho yakamtoka, na muda wote huo Mbuke alikuwa amemsimamia kama polisi. Hatimaye koo lilipanda, likashuka.

"Mama!" Mbuke aliita. "Mgeni amekula!"

Kitanda kililia chumbani. Kisha: "Amekula nini?"

"Firigisi!"

Lilisikika tone moja likianguka ndani ya sufuria. Mle ndani sheria ilikuwa inapimwa.

"Amemeza?"

"Amemeza, mama!"

"Basi sema."

Mbuke alisema. Alisema yote kwa pumzi moja, ya dagaa, ya Marwa, ya mabati, ya saa kumi, ya tundu lililo juu ya mgonjwa, hadi sauti ikamkatika akalia mbele za watu. "Mmekaa hapa tangu asubuhi na dawa yangu, hiyo feni, mmeikalia garini! Nisaidieni, jamani. Giza limekwisha. Sina dagaa wengine mpaka mwezi ufe."

Januari alisimama. "Sasa shemeji, kwa nini hukusema tulipofika?"

Mbuke alikwisha kugeuka kuelekea kibandani. Yapo maswali ambayo ukiyajibu utafungwa jela.

Basi watu waliinuka. Turubai lilivuliwa kwenye Canter na kufungwa juu ya kichanja, pande zikashushwa hadi chini pakawa kama shimo la mgodi lililolazwa. Dagaa walitandazwa ndani, wembamba, kwa mikono ya wote. Masalu aliifunga feni kwenye mdomo wake, akawasha jenereta, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hii hewa ni ya mvua, itapuliza majimaji tu. Leteni makaa. Feni ivute joto."

Wakazoa makaa yote ya jikoni, wakayajaza kwenye majiko mawili, wakayaweka nyuma ya feni. Asteria, ambaye hakuna aliyemtuma, alikunja gauni lake jeupe hadi magotini, akaingia chini ya turubai kuwageuza dagaa. Alipotoka kupunga hewa alikuwa na magamba hadi kwenye nyusi, na bado alikuwa analalamika, lakini sasa alilalamika akifanya kazi.

"Ndege imetua?" Nyamizi aliuliza kutoka kitandani kwa sababu ya ule mngurumo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Saa tisa kasorobo mvua ilikatika. Kwa dakika ishirini jua lilitoka, ziwa likawa la bluu kabisa, majabali yakang'aa na ndege weupe wakatua juu yake yote. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeliona. Wote walikuwa chini ya turubai. Walipotoka, mawingu yalikuwa yameshajifunga tena.

Marwa alifika saa kumi kamili. Hakusalimia sana. Alichota dagaa, akawaminya kiganjani, akawaachia. Hawakushikana. Akachukua mmoja akamvunja. Mbuke alisikia sauti ile ndogo ya kuvunjika. Marwa akamtia mdomoni, akatafuna taratibu kupita kiasi.

"Wana kamoshi kidogo," alisema.

"Ndiyo," Mbuke akajibu kwa shida.

"Watu wa Kahama wanakapenda." Akageuka kwa utingo wake. "Shusha mabati."

Masalu na wenzake hawakusubiri kuombwa. Walipanda juu na nyundo, wakagongomea mabati sita mapya juu ya yale kuukuu, pale palipo na kitanda cha bibi; mengine fundi wa kijiji angemalizia Jumatatu. Nyundo ilipolia mara ya mwisho, mvua ilirudi kwa hasira zake zote. Ilipiga mabati mapya hadi watu wakawa wanazungumza kwa ishara.

Mbuke aliingia chumbani. Alisimama akatazama juu, akasubiri. Akahesabu hadi hamsini. Hakuna kilichodondoka. Basi akainama, akaiondoa sufuria miguuni pa mkwewe, akamwaga maji nje, akaisugua kwa mchanga na kuiteleka. Ugali wa watu wanane ulipikwa mara moja, kwa moto mpya, na yule jogoo mzee akaiva hatimaye. Wageni walikula hadi wakalegea, kisha wakajipanga kuondoka kabla barabara haijageuka uji.

"Ziwa sikuliona," Asteria alisema akipanda gari na gauni ambalo halingekuwa jeupe tena. "Januari, utanileta tena."

"Njooni," alisema Mbuke, akamkabidhi kifuko cha dagaa. "Siku yoyote. Hata bila simu." Alishangaa kuona anamaanisha.

Aliporudi ndani, Nyamizi alikuwa amejilaza chali, miguu yake mikavu ameinyoosha hadi mwisho wa kitanda, mahali ambapo kwa wiki tatu palikaa sufuria.

"Umeona?" alisema bibi. "Ungewapa kazi wakiwa na njaa, wangekwenda zao."

Mbuke alikuwa na majibu mawili, yote makali. Akasikiliza mvua ikipiga juu ya vichwa vyao bila kupata pa kupenya, akayameza yote mawili. Hayakuwa magumu kama ile firigisi.

"Kweli, mama," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."