Bi Kalunguyeye na Oili Chafu ya Faru

Paukwa?
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na kisima!
Kisima cha nani?
Sema, tumetulia!

Basi tulieni hivyo hivyo.

Aliondokea Bi Kalunguyeye, mnyama mwenye miiba mgongoni, mdogo hata kikapu kingeweza kumfunika. Mumewe, Mungu amrehemu, alichimba kisima kwa makucha yake mpaka makucha yakalika. Maji yalipotoka alisema, "Hiki nimekitoa sadaka. Kila atakayekunywa, thawabu zitanifuata kaburini." Haukupita muda, akafa.

Mjane akakaa eda. Hatoki, hachoti maji, haoni ya nje. Njiwa ndiye aliyekuwa akija kumpa pole na kumsimulia habari za ng'ambo ya kilima. Siku eda ilipokwisha, jambo la kwanza alikwenda kisimani kutia udhu. Akainama. Maji yananuka! Juu pana utando wa rangi rangi, unang'aa kama mgongo wa inzi.

Akasikia huko juu: ngo! ngo! ngo!

Huyo ni Faru. Faru alikuwa akinunua magari mabovu, anayavunja kwa pembe yake, chuma anauza, kisichouzika anamwaga. Oili chafu, chururu! Maji ya betri, chururu! Vyote vinateremka korongoni, na korongo linateremka kisimani.

Bi Kalunguyeye akapanda mpaka kwake. "Bwana Faru, oili yako inaua kisima cha marehemu."

Faru akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Shemeji! Eda imekwisha asubuhi, ugomvi umeanza adhuhuri? Kama kisima ni cha marehemu, marehemu na aje anikataze!"

Bi Kalunguyeye akarudi nyumbani. Akatayamamu kwa mchanga, akaswali, akalia. Hakulia kwa kutukanwa. Alilia kwa sababu viumbe walikuwa wameanza kukikwepa kile kisima, na wakiacha kunywa, mume wake kule aliko atapelekewa nini?

Asubuhi akaja na kopo lenye kifuniko. Tiki tiki tiki, akafika kwa Faru. Akainama, akakinga, akafunika, akaondoka. 

Kesho yake tena. Tiki tiki tiki. Akainama, akakinga, akafunika, akaondoka. Faru akamtazama kwa jicho moja.

Kesho kutwa tena. Tiki tiki tiki. Akainama, akakinga, na kifuniko akakifuta kwa upindo wa kanga kama anafuta uso wa mtoto. Faru akamtazama kwa macho yote mawili.

"Shemeji, unakinga nini?"

"Oili yako chafu, bwana."

"Unaipeleka wapi?"

"Naifungia ndani."

"Kwa nini?"

"Isipotee hata tone."

"Kwani ina thamani?"

"Ikimwagika tone moja, mimi silali."

Hakusema uongo hata mmoja, maana alikuwa mcha Mungu. Wala hakusema zaidi ya alichoulizwa, maana hakuwa mjinga.

Faru akawaza: "Mjane aache msiba wake aje kuhangaikia uchafu? Hapa pana mali!" Akapiga mguu chini, di! "Toka! Oili yangu, pipa langu, tone langu!"

"Haya, bwana. Lakini zile betri ulizozilaza, maji yake yanavuja. Roho inaniuma."

"Na betri zangu pia!"

Akazisimamisha wima, akazipanga chini ya bati. Akaleta mapipa. Akakinga, akafunika, akakaa juu ya kifuniko. Bi Kalunguyeye akasimama mbali, mdomo kaufunika kwa kanga, mabega yanamtikisika. Faru akadhani analia.

Huku nyuma Bi Kalunguyeye akaingia kazini. Ule utando akauengua kwa kata. Udongo mweusi wa korongoni akauchimba, akauziba ndani ya mitungi. Mvua ikanyesha, ikaosha. Maji yakarudi kuwa maji.

Na Faru je? Mapipa mlangoni, mapipa jikoni, betri uvunguni. Mwenyewe analala nje na mvua inampiga, analinda, hali akashiba, hasinzii akapumzika. Mwishowe akashuka kwa mjane, ngozi imemlegea.

"Shemeji, nakuomba. Nimekusanya, nimejaza, nimechoka. Niambie, inafanya nini hii mali?"

"Mimi sijui kuifanyia kitu. Nilikuwa naizuia tu isiingie kisimani."

"Basi?"

"Basi."

Faru akafura. "Umenichezea! Naenda kuimwaga yote, leo hii!"

Moyo wa Bi Kalunguyeye ukapiga, pu! pu! pu! Akatamani kujikunja awe mpira. Hakujikunja.

"Mwaga, bwana, nguvu unazo. Ila Njiwa aliniambia Tembo ana kiwanda ng'ambo ya kilima. Oili chafu anaisafisha inakuwa oili tena, betri anazifungua kwa uangalifu akatoa madini ya risasi. Na anayempelekea, anamshukuru vizuri. Nilitaka kukuambia umpelekee, ila mzigo ule kwa kilima kile... labda nimwite Nyati."

"Nyati?" Faru akaruka. "Nyati apokee shukrani zangu? Lete kamba!"

Akajifunga mkokoteni mwenyewe. Gudu gudu gudu, akapanda, akashuka, akarudi, akapakia tena, mpaka ua ukawa mweupe. Na tangu hapo kila gari bovu likiingia, kwanza anakinga, kisha anavunja.

Siku ya mzigo wa mwisho alirudi na kiu imemkausha koo. Alipita kisimani kichwa kimeinama. Bi Kalunguyeye akachota kata ya maji, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, shemeji."

Faru akanywa. Kata moja, kata ya pili, kata ya tatu. Alikunywa kuliko wanyama wote wa bonde lile. Na kila alipomeza, gudu, mjane alifumba macho akasema kimoyomoyo, "Ya Rabi, na hii pia mwandikie marehemu wangu."

Funzo lake, wanangu? Kuweni waroho! Uroho ni tabia njema sana, mradi uwe na pipa lenye kifuniko.

Ngano yangu nimeiziba hapo. Atakayeizibua asimwage.