Mkebe wa Semeni Haurudi Mtupu

Hapo zamani za kale, siku ambazo fisi alikuwa bado hajajifunza kusema "nimeshiba", wanyama walikuwa na nyumba, na vyungu, na shule. Fungeni kwanza hiyo mikebe yenu. Nani anatafuna? Nimesema fungeni! Mtakula nikimaliza, na nikimaliza mtajua kwa nini nimewafungisha.

Haya. Bondeni palikuwa na shule, na juu yake, kwenye majabali, aliishi Mama Pimbi na binti yake wa pekee, Semeni. Pimbi mnamjua? Mdogo hivi, hana mkia, miguu mifupi, ukimfokea anaingia mwambani fyu! Humwoni tena. Nguvu hana. Akili anayo, ila akili yenyewe haimpi usingizi, maana pimbi ni mnyama wa wasiwasi.

Ijumaa moja Mwalimu Korongo alipanda majabali amembeba Semeni mgongoni.

"Mama Semeni, mtoto ameanguka darasani. Puu! Mara ya pili mwezi huu. Kwani humpi chakula?"

"Simpi?" Moyo wa Mama Pimbi ulipiga pa! "Mwalimu, mkebe unakwenda umejaa na unarudi umelambwa!"

"Basi sielewi. Lakini siwezi kumfundisha mtoto anayeanguka. Wiki ijayo akianguka tena, atakaa nyumbani mpaka mwakani. Ndiyo kanuni."

Akaondoka na miguu yake mirefu, tak, tak, tak. Mama Pimbi akabaki mlangoni ameshika kichwa. Mwakani! Yeye mwenyewe hakusoma hata darasa moja, na alikuwa ameapa mwanawe atasoma. Akamketisha Semeni kwenye mkeka.

"Niambie kweli, mwanangu. Nani anakula chakula chako?"

Semeni akatazama vidole vyake vya miguu. "Mzee Fisi."

"Fisi mlinzi wa geti? Anakunyang'anya?"

"Hapana, mama. Ninamkaribisha."

"Unamkaribisha!"

"Si wewe ulinifundisha? Ulisema ukifungua chakula mbele ya mtu, sema karibu. Mimi nasema, 'Karibu, mzee.' Wakubwa wengine wote husema, 'Asante, nimeshiba.' Yeye anasema, 'Haya, mwanangu,' halafu anakaa. Ana kijiko chake mfukoni."

"Na wewe?"

"Mimi ninamtazama."

Wallahi Mama Pimbi alitaka kucheka, akalia. Ni kweli, alimfundisha mwenyewe. Hata nyinyi mmefundishwa. Na kila mwenye akili anajua kwamba karibu ya mtoto hujibiwa kwa asante. Fisi alijua vilevile, ila tumbo lake lilijifanya halijui.

Jumatatu asubuhi na mapema Mama Pimbi alikuwa shuleni.

"Mwalimu, Mzee Fisi anakula chakula cha mwanangu."

"Amemwibia?"

"Hapana."

"Amemtisha?"

"Hapana... Anakaribishwa."

Mwalimu Korongo akakuna shingo. "Aliyekaribishwa si mwizi, Mama Semeni. Nitamshtaki kwa kosa gani? Mwambie mtoto asikaribishe."

Rahisi kusema! Siku hiyo Mama Pimbi alimwonya Semeni mara saba: leo usifungue mdomo ila kwa kula. Saa saba ilipofika, akajibanza nyuma ya ua wa shule na kuchungulia. Semeni akafungua mkebe. Fisi huyoo, anakuja, anaburuta miguu ya nyuma, akasimama karibu yake na kukohoa.

"Mh-hm!"

Semeni akauma midomo. Watoto wengine wakageuka kutazama. Mtoto wa nani huyu, anafungua chakula mbele ya mtu mzima na kunyamaza? Masikio ya Semeni yakaanza kutetemeka.

"MH-HM!"

"Ka... karibu, mzee."

"Haya, mwanangu!" Kijiko kikatoka mfukoni. Nyam, nyam, gubu! Kwisha. Nyuma ya ua, Mama Pimbi akaikamata miti ya ua kwa mikono miwili ili asipige kelele.

Jumanne akabadili mbinu. Akapika mchunga, yale majani machungu kama dawa ya malaria, hakutia hata chumvi. Alijisemea, tuone kama atakula hili. Fisi akala. Akakunja uso, akatema, akala tena. "Chungu, lakini inasafisha tumbo," akasema, akaramba mkebe. Jioni Semeni alipanda majabali akipumzika kila hatua kumi, na mama yake akamhesabia hatua hizo kutoka juu. Zilibaki siku tatu kufika Ijumaa.

Mama Pimbi akaingia jikoni, akazunguka, akatoka, akaingia tena. Nifanye nini mimi? Nikimpa chakula kingi, anakimaliza. Nikimpa kibaya, anakimaliza. Kila alipogeuka, jicho lake liligonga sahani ya Mama Ngiri iliyokuwa kabatini. Jirani huyo aliwaletea vitumbua wiki iliyopita, na sahani bado ilikuwa pale, imeoshwa, inang'aa, inamwaibisha. Alikuwa hajapata kitu cha kutia ndani. Nani anarudisha chombo cha mwenzake kitupu? Bora usionekane njiani!

Akasimama. Akaitazama tena ile sahani.

"Hee!" akasema peke yake. "Hee!"

Jumatano alipika kama anapikia harusi. Viazi vitamu alivifinyanga vidonge vidogo vidogo. Kunde alizikaanga kwa kitunguu. Mchicha aliuunga kwa karanga. Yai alilikata pete pete, na vipande vya papai akavipanga duara pembeni mpaka mkebe ukawa kama jua limechomoza. Kidogo cha kutia nguvu, kidogo cha kujenga mwili, kidogo cha kulinda mwili. Akafunika.

"Mama," Semeni akauliza kwa sauti ndogo, "hiki nitakula mimi?"

Mama Pimbi akamkabidhi mkebe. "Leo mkaribishe, mwanangu. Akimaliza mwambie hivi: 'Mama anasema mkebe ufike kwa Bi Fisi, pamoja na salamu zake.' Usichukue mkebe. Umesikia?"

Bi Fisi, mnaona, ndiye alikuwa mke wa Mzee Fisi, mwenye nyumba. Mpishi hodari, mwenye majivuno hodari zaidi. Hakuna chombo cha jirani kilichotoka kwake kitupu tangu aolewe, na alipenda kila mtu ajue hivyo.

Basi Fisi akala lile jua lote, kuanzia papai. Semeni akasema maneno yake. "Haya, haya," Fisi akajibu, akachukua mkebe. Mama Pimbi akasubiri. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, jua likaelekea kuzama, kila jiwe likidondoka bondeni anaruka mlangoni. Mkebe haukurudi.

Je, Bi Fisi ameukataa? Amekasirika? Au ananidhania limbwata, kwamba ninampikia mume wa mtu ili nimnase? Maskini mimi!

Kumbe Fisi hakuufikisha. Aliutupa chini ya kigoda chake pale getini, akasahau.

Alhamisi mkebe hakuna, chakula cha shule hakuna. Semeni alipewa yai moja alile njiani. Alipoteremka, miguu yake ilikuwa inagongana. Mama Pimbi hakungoja tena. Akajifunga kanga, akateremka mbio mpaka kwa Bi Fisi, na kufika mlangoni nusura arudi.

"Hodi!" Sauti ilitoka nyembamba.

"Karibu! Nani huyo anayebisha kama mbu?"

"Shikamoo, Bi Fisi."

"Marahaba." Bi Fisi alijaza mlango mzima. Nyuma yake chungu kikubwa kilikuwa kinachemka, gudu gudu gudu. "Una shida gani?"

Mama Pimbi akapiga goti.  "Nimekuja kuomba radhi, bibi. Chakula ninachomletea mzee kila siku, naona ni kidogo, hakifai nyumba hii. Ndiyo maana mkebe wangu haujarudi."

Chungu kikaendelea kuchemka. Bi Fisi akafunua midomo. Mama Pimbi akaona meno, akafumba macho.

"Chakula gani?" Bi Fisi akauliza taratibu.

"Mwanangu humkaribisha mzee saa saba. Na mzee, Mungu amjalie, hajawahi kumvunja moyo. Jana mzee alipewa mkebe akuletee, pamoja na salamu zangu."

"Mkebe wako uko kwangu tangu jana?"

"Usijali, bibi. Nimewaambia majirani wasiseme neno."

"MAJIRANI!"

Bi Fisi alitoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaenda getini, huku Mama Pimbi akimfuata kwa mbali, moyo mdomoni. Fisi alikuwa amelala juu ya kigoda, krrr, krrr. Bi Fisi akainama, akachomoa mkebe chini yake, akaufungua. Ulikuwa mkavu, umelambwa, una sisimizi wawili. Hakumwamsha. Akageuka na kurudi jikoni kwake, Mama Pimbi nyuma yake, akafunua chungu cha chakula cha mumewe.

"Mtoto wako hula nini?"

"Chochote, bibi, usijisumbue," Mama Pimbi akajibu haraka. "Mimi humtilia kidogo cha kutia nguvu, kidogo cha kujenga mwili na kidogo cha kulinda mwili. Humpangia kama jua. Ila si kila mtu ana mkono wa kupanga..."

"Sina mkono? Mimi?" Bi Fisi akapaliwa. "Nipe karoti hizo!"

Jamani, mngeona. Alitia nyama laini, iliyochambuliwa mifupa yote. Akatia ndizi za kupika, akatia kisamvu cha nazi, akachonga karoti maua, akakata tikiti nyota. Chungu kikabaki na mchuzi wa kulowesha kidole tu.

"Mtoto hula saa ngapi?"

"Saa saba kamili, bibi."

"Nitampelekea mwenyewe. Nataka shule nzima ione chombo kinavyorudishwa."

Saa saba. Watoto wamekaa kwenye nyasi, Mwalimu Korongo amesimama kwa mguu mmoja mlangoni mwa darasa. Semeni hana mkebe, ameegemea ukuta, macho yanafumba na kufumbua. Nyuma ya ua, Mama Pimbi anahesabu kila anapofumba. Usianguke, mwanangu. Bado kidogo. Usianguke!

Fisi kaamka, anapita kwa watoto. "Mh-hm!" kwa mtoto wa Swala. "Karibu, mzee." "Haya!" Kijiko. "Mh-hm!" kwa mtoto wa Ngiri. Kijiko tena. Hakumwona mkewe kasimama getini na mkebe mikononi, anamtazama. Bi Fisi akatazama kijiko. Akatazama watoto waliokaa mikono mapajani wakimwangalia mtu mzima akila. Uso wake ukashuka.

Akapita katikati yao bila kusema kitu, akapiga goti mbele ya Semeni, akamwekea mkebe mapajani.

"Mwambie mama yako, mkebe umerudi."

Semeni akafungua. Harufu ile! Watoto wote wakasema, "Aaah!" Na Fisi, kwa mazoea, miguu ikampeleka yenyewe.

"MH-HM!"

Semeni akainua macho. Nyuma ya ua Mama Pimbi akaacha kupumua, kwa sababu alimjua mwanawe na alijua atasema nini. Mtoto mwenye adabu ni mtoto mwenye adabu.

"Karibu, mzee."

Fisi akapeleka mkono mfukoni. Ndipo akaona miguu anayoijua. Akapandisha macho polepole, akakuta macho ya mkewe yanamsubiri.  Hata Mwalimu Korongo akateremsha mguu wa pili.

"A..." Fisi akameza mate, glup! "A-asante, mwanangu. Nime... nimeshiba."

"Sema kwa nguvu, mume wangu. Wengine hawajasikia."

"NIMESHIBA!"

Basi Semeni akala. Tonge la kwanza alilila polepole kama mtu asiyeamini, akageuka kumtazama Fisi, akasubiri. Hakuna kijiko. Akala la pili. Nyuma ya ua mama yake alimhesabia matonge, na alipofika la kumi na mbili hakuweza kuhesabu tena kwa machozi. Ijumaa Semeni alisoma ubaoni mwanzo hadi mwisho, wima.

Na ile Alhamisi jioni Fisi alirudi kwake tumbo linanguruma. Akafunua chungu. Kitupu.

"Mke wangu, chakula changu kiko wapi?"

Bi Fisi alikuwa anaosha vyombo. Hata hakugeuka. "Chakula? Wewe si umesema mbele ya shule nzima umeshiba?"

Haya, hadithi imekula ikamaliza, nami nafunika chungu: adabu ya mdogo si ruhusa kwa mkubwa. Sasa fungueni mikebe yenu mle. Nani kasema karibu? Asante, mwanangu. Nimeshiba.